Tusiwaachie Walanguzi Miti Yetu

Kila jioni, jua linapoelekea kuzama, husimama katika kona moja ya Sinza, si mbali na Barabara ya Shekilango, gari dogo lililofungwa kipaza sauti juu ya paa. Sauti iliyorekodiwa hutangaza bila kupumzika dawa moja iponyayo kisukari, shinikizo la damu, vidonda vya tumbo, upungufu wa nguvu za kiume na, kwa miezi ya karibuni, saratani ya damu. Dawa yenyewe ni maji ya rangi ya chai iliyokolea, katika chupa ya plastiki iliyopata kuwa na maji ya kunywa. Mnunuzi haulizwi umri wa mgonjwa wala uzito wake. Huulizwa tu kama anazo fedha.

Naandika juu ya gari hilo kwa sababu jirani yangu, mfanyakazi wa kipato cha kawaida kabisa, alinunua pale chupa sita kwa ajili ya mwanawe wa miaka 6. Mtoto alikuwa na homa zisizokwisha, amepauka, ana alama za damu iliyovilia chini ya ngozi ingawa hakuanguka popote. Wiki saba zilipita katika kumnywesha chupa hizo. Alipofikishwa hospitali na kuchukuliwa uboho kutoka katika mfupa, ilibainika kuwa ana lukemia, nayo ilikuwa ikimla kwa muda wote ule ambao mlanguzi alikuwa akihesabu noti.

Ningeweza kuishia hapo na kuwalaani matapeli, kama walivyokwisha kufanya wengi katika ukurasa huu. Lakini baba yake mtoto alinieleza jambo lililoninyima usingizi. Wodini alimwuliza daktari ile dawa isiyo na rangi inayoingizwa katika mshipa wa mwanawe hutokana na nini. Akajibiwa kwamba asili yake ni ua, akaonyeshwa na picha: ua la petali tano, la waridi au jeupe, lenye jicho dogo katikati. Ua hilo limeota kando ya lango la nyumba yake. Mkewe hulimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Naye mlanguzi, alipofuatwa na baba huyo kwa hasira, alijibu kwa majivuno kwamba ndiyo, katika chupa zake yamo majani ya ua hilo hilo, na kwamba hospitali zinajua lakini zinaficha.

Basi mlanguzi hakusema uongo mtupu. Alikuwa na robo ya ukweli, na robo hiyo ndiyo iliyomsaidia kuuza uongo uliobaki. Swali langu kwa umma, kwa serikali na kwa wasomi wenzangu ni hili: robo hiyo ya ukweli aliipata wapi, na kwa nini yeye ndiye aliyeachiwa kuitangaza mitaani, wakati sisi tuliosomeshwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi tumenyamaza?

Jambo hili si la watu wengine. Neno lukemia liliingia katika nyumba za Watanzania kwa msiba. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alifariki dunia kwa ugonjwa huo katika Hospitali ya St Thomas, London. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na nakumbuka watu wazima wakilitamka neno hilo kwa shida, kama jina la mgeni aliyeingia bila hodi. Sidai hata kidogo kwamba ua la Sinza lingemponya. Lukemia si ugonjwa mmoja, bali ni ukoo wa magonjwa, na ile ya wazee haitibiwi kama ile ya watoto. Lakini taifa lililompoteza mwasisi wake kwa maradhi haya, na ambalo alilifundisha kwamba adui zake ni ujinga, maradhi na umaskini, lilipaswa tangu siku ile kuyafahamu kwa kina kuliko mwenye gari la kipaza sauti.

Ukweli kamili wa ua lenyewe ni huu. Jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus, na wengi bado hulijua kwa jina la zamani la vinka. Asili yake ni Madagaska, kisiwa cha jirani zetu, na kutoka huko lilitapakaa katika nchi zote za joto. Waganga wa nchi mbalimbali walilitumia kwa kisukari. Katika miaka ya 1950 majani yake yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada, ambako Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario waliyajaribu kwa panya wakitafuta dawa ya kisukari. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na uboho wa panya hao ukadhoofika. Watu wavivu wa fikra wangeyatupa majani hayo. Wale wawili walijiuliza: kama kitu hiki kinaangamiza chembe nyeupe, hakitafaa dhidi ya ugonjwa ambao ni wingi wa chembe nyeupe zilizoasi? Mwaka 1958 wakatangaza kiini walichokitenga, vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Marekani ya Eli Lilly ilikuwa ikilichunguza ua hilo hilo, na katika maabara zake kikapatikana kiini cha pili, vinkristini. Marekani iliruhusu dawa ya kwanza itumike mwaka 1961 na ya pili mwaka 1963.

Vinkristini ndiyo iliyo katika mshipa wa mtoto wa jirani yangu. Hushika nyuzi ndogo sana ambazo chembe huzitumia inapojigawa kuwa mbili, na chembe hukwama katikati ya kazi ikafa. Haifanyi kazi hiyo peke yake. Hutolewa pamoja na dawa nyingine, kwa mpangilio wa miaka miwili au zaidi, na kwa mpangilio huo watoto wapatao tisa kati ya kumi wenye lukemia iliyo ya kawaida zaidi utotoni hupona katika nchi tajiri. Kwa saratani zote za watoto, Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri hupona zaidi ya asilimia 80, na katika nchi nyingi maskini hupona chini ya asilimia 30. Chembe za saratani ni zile zile. Kinachotofautiana ni siku mtoto anapofikishwa hospitali, na kama dawa imo kabatini siku hiyo.

Sasa itazame chupa ya mlanguzi. Ndani ya vinka mna viini zaidi ya 70 vya jamii hiyo ya kemikali, vingine havina kazi, vingine ni sumu. Vinkristini ni haba mno: kupata gramu moja kumehitaji kiasi cha nusu tani ya majani makavu. Na dawa hiyo, ikishatengwa na kusafishwa, ni kali kiasi kwamba mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa sindano moja. Ikizidi huharibu neva. Ikidungwa kwa makosa katika uti wa mgongo badala ya mshipa huua, na dunia nzima imekwisha kushuhudia vifo vya namna hiyo. Kitu cha namna hii ndicho ambacho mtu wa kona ya Shekilango anakichemsha katika sufuria bila mizani! Mama aliyemnywesha mwanawe hakupata kiasi cha kumponya. Alichopata ni sumu kidogo na ucheleweshaji mkubwa. Kwa hiyo nasema wazi, asije mtu akanisoma vibaya: mtoto mwenye homa isiyoisha, anayepauka na kutoka damu ovyo, apelekwe hospitali leo. Asubiri majani kwa lipi?

Nikishasema hayo, sina budi kuwageukia wasomi wenzangu, kwa sababu kuna aina ya msomi anayeusoma uovu wa mlanguzi na kutabasamu. Kwake kila mti ni ushirikina, kila mganga ni tapeli, na dawa ya kweli ni ile iliyofika bandarini katika sanduku lenye maandishi ya kigeni. Hiyo ni kasumba, tena kasumba ya mtu ambaye hakusoma vizuri hata vitabu vya wageni anaowatukuza. Etoposidi, dawa nyingine inayotumika katika baadhi ya lukemia, ilitengenezwa kutokana na kiini cha mmea uitwao podofilumu. Mabwana wanaowaiga hawakuidharau miti. Waliifuata popote ilipo, hadi kwetu.

Katika vilima vya Shimba, kusini mwa pwani ya Kenya, kuna mti wa jamii ya Maytenus. Ndugu zake wengine hupatikana Uhabeshi, na kutoka kwa mmoja wa hao wanasayansi wa Marekani wakiongozwa na Morris Kupchan walitenga kiini walichokiita maitansini. Walipokitangaza mwaka 1972 walikitangaza kama kiini kinachopambana na lukemia, maana kilikuwa kimeonyesha nguvu dhidi ya lukemia ya panya. Majaribio yakahitaji mali ghafi nyingi. Mwaka 1976 zaidi ya tani 27 za mti huo zilikusanywa Shimba kwa ajili ya Taasisi ya Saratani ya Marekani. Wadigo wa eneo hilo, ambao kabila lao liko pande zote mbili za mpaka, Kwale na Tanga, walikuwa wakiujua na kuutumia mti huo kwa uvimbe wa namna ya saratani kabla meli yoyote haijaja kuuchukua.

Kwa binadamu maitansini ilikuwa na sumu kali mno, na majaribio yakasimama. Hadithi haikuishia hapo. Mnamo mwaka 1977 Wajapani waligundua kwamba viini vya ukoo huo hutengenezwa pia na kijidudu cha udongoni, na tangu hapo kijidudu hicho kikaweza kufugwa katika matangi. Mti wa Shimba ukawa hauhitajiki tena. Baadaye wakabuni njia ya kukifunga kiini hicho kwenye kingamwili inayokipeleka moja kwa moja hadi kwenye chembe ya saratani, na mwaka 2013 Marekani ikaruhusu dawa ya namna hiyo kwa saratani ya matiti, dawa ambayo ni miongoni mwa zilizo ghali duniani. Mwanamke wa Kwale mwenye uvimbe katika titi lake hawezi kuinunua.

Naomba msomaji akae kidogo na mfano huu, kwa sababu una somo tunalolikwepa. Tumezoea kusema, kwa uvivu, kwamba miti yetu ni hazina na itatungoja. Haitungoji. Mwenye maabara huuhitaji mti mara moja tu, siku ya kujua siri yake. Akishaijua, huenda kuitengeneza katika tangi lake, na aliyeulinda msitu hubaki na msitu. Hata vinka yenyewe haina usalama huo: mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamefaulu kuifanya hamira, ndugu wa hii hii ya maandazi, itengeneze viini viwili ambavyo vikiunganishwa huwa vinblastini. Siku njia hiyo itakapokuwa rahisi kuliko kulima, mkulima wa kusini mwa Madagaska, ambaye kwa miaka mingi ameuza majani na mizizi ya ua hilo kwa bei ya mali ghafi, atarudishwa shambani mikono mitupu. Sisi tuliouza katani ghafi, pamba ghafi na korosho ghafi tunaujua mwendo huo.

Wapo watakaosema nchi maskini haiwezi. Hoja hiyo ilijibiwa zamani na Wachina, nao hawakuwa matajiri walipoijibu. Walikuwa na dawa ya jadi ya mchanganyiko wa vitu 11, ambayo waganga waliitumia, na ambayo wagonjwa fulani wa lukemia sugu walionekana kupata nafuu kwayo. Hawakuipigia vipaza sauti, wala hawakuicheka. Waliivunja kitu kimoja kimoja, wakavijaribu, wakabaini kwamba kazi ilikuwa ikifanywa na kimoja tu, unga wa buluu wa mmea, na ndani ya unga huo wakatenga kiini kiitwacho indirubini. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 walichukua mti mwingine wa kwao, wakatoa homoharingtonini, wakaitumia kwa wagonjwa wao kwa miongo mitatu na zaidi. Marekani ilipoiruhusu dawa hiyo mwaka 2012 kwa aina moja ya lukemia sugu, Wachina walikuwa wamekwisha kuizoea. Hawa ndio waliojenga nasi reli ya TAZARA. Tuliwaomba reli, na vizuri. Hatukuwaomba vya kutosha njia yao ya kuichunguza miti.

Na utajiri peke yake hauleti usalama. Mwaka 2019 kampuni moja kati ya mbili zilizokuwa zikiiuzia Marekani vinkristini iliacha kuitengeneza. Nchi ile tajiri ikaingia katika uhaba, na madaktari wake wakalazimika kufikiria mtoto yupi apewe na yupi apunguziwe. Dawa hiyo haina hataza tena, ni ya zamani, faida yake ni ndogo, na bepari hana mapenzi na kitu chenye faida ndogo. Kama mlango wa tajiri ulifungwa hivyo, sisi tulio mwisho wa foleni tunategemea nini?

Wala Afrika Mashariki si mgeni katika jambo hili. Kituo kilichofunguliwa Kampala mwaka 1967 kwa ajili ya saratani ya taya iliyoelezwa na Denis Burkitt kilitumia vinkristini pamoja na dawa nyingine kwa watoto wa Uganda, na matokeo yake yakaisaidia dunia kujifunza namna ya kuchanganya dawa za saratani. Watoto wetu walitoa miili yao kwa elimu hiyo.

Tanzania nayo haikulala tangu mwanzo. Mwaka 1974, katika moyo ule ule wa Kujitegemea, kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia. Wataalamu wake walikwenda vijijini, wakakaa na waganga, wakaandika majina ya miti na matumizi yake. Mwaka 1979 Bunge lilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kituo chake cha tiba asili kipo Mabibo, ambako kutoka Sinza mtu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na Baraza likaundwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road ipo kwa sheria tangu mwaka 1996, katika majengo yaliyojengwa na Wajerumani karne moja kabla. Msingi ulijengwa. Kilichokosekana ni kupandisha ukuta.

Ukitaka kuuona upungufu huo, kumbuka mwaka 2011. Umati ulimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kuponya kisukari, UKIMWI na saratani. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo walioacha dawa za hospitali. Na tusijifiche, maana Chama chetu kilitufundisha kujikosoa: hata viongozi walipanda magari na helikopta kwenda kunywa. Mti uliochemshwa pale ni mti halisi, wenye jina na mizizi. Palipohitajika maabara tulipeleka foleni. Sisi waandishi nasi hatuna usafi katika hili. Ni magazeti na redio mangapi yaliyokataa fedha za tangazo la mganga anayetibu maradhi 40?

Ninachokidai si kikubwa kuliko uwezo wetu. Tangazo lolote linalodai kuponya saratani likamatwe pale linapotangazwa, na atakayechapa au kurusha tangazo hilo ashitakiwe pamoja na mwenye dawa, hata kama mchapaji ni gazeti hili. Mganga mkweli asichanganywe na mlanguzi: ajaye na mti wake Muhimbili au Mabibo aandikiwe jina lake, kijiji chake na haki yake kabla ya jani la kwanza kusagwa, ili siku likipatikana jambo asisukumwe nje. Mkataba wa Rio wa mwaka 1992 unaitambua haki ya kila nchi juu ya viumbe wake. Sampuli isivuke mpaka bila makubaliano ya maandishi yanayosema wazi nani atapata nini, na bila mtaalamu wetu kukaa katika maabara inakopelekwa. Fedha za utafiti ziwekwe katika bajeti kwa miaka kumi mfululizo, maana Wachina hawakutenga kiini kwa mwaka mmoja wa fedha. Na wakati hayo yakiendelea, Bohari ya Dawa ihakikishe kwamba vinkristini, dawa iliyo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani, haikosekani wodini hata kwa wiki moja, kwa kununua pamoja na nchi jirani ikibidi.

Mtoto wa jirani yangu bado yu hai. Nywele zimemtoka, miguu inamfa ganzi kidogo, na Jumanne ijayo anadungwa sindano nyingine. Madaktari hawajaahidi kitu, na wamefanya vizuri kutoahidi. Mama yake ameuliza kama aling'oe lile ua langoni, kwa kuwa hawezi kulitazama. Mumewe amemkatalia.

Gari lenye kipaza sauti lilikuwepo pale pale jana jioni. Huanza kutangaza saa kumi na moja. Baraza likitaka kulikuta, haliwezi kupotea njia.